Jina Ambalo Kocha Lahtinen Hakuliandika

Mesa, Arizona
30 Novemba 2008

Ray, mwanangu,

Bado nipo. Binti yangu Wanda amenipa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na nyonga mpya inanibeba hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Huku watu wanavaa kaptura hata mwezi huu. Sijaona theluji tangu nihame, na sikudhani kama ningeikumbuka.

Simu usinipigie. Masikio yamekufa kabisa. Wanda hupokea kisha ananirudishia maneno kwa makelele hadi mtaa mzima unajua siri zangu. Niandikie.

Shida yangu ni hii. Yule mhariri mpya wa gazeti letu la Kessler, Paige, mtoto wa Detroit, amekubali niendelee na safu yangu ya kila Februari: nani wa kutazamwa kwenye ubingwa wa bolingi wa shule za sekondari. Ni mwaka wa ishirini na saba huu. Yeye hajui hata tufe la bolingi lina matundu mangapi wala linaangusha pini ngapi, kwa hiyo atachapa chochote nitakachompelekea. Lakini mimi niko maili elfu mbili kutoka kwenye ukumbi wa karibu ninaoujua. Wewe ni kocha wa Kessler, unawaona wote. Kuwa macho yangu.

Nieleze habari za yule mtoto wa Ostrander, Beaudry, ambaye mwaka jana nilimkosa kwa ajili ya nyonga. Usimfiche eti kwa sababu atamchapa mwanao.

Chester Wojtala


Kessler, Michigan
14 Desemba 2008

Mzee Chester,

Shikamoo. Theluji imefika magotini, kama umeikumbuka kweli njoo uchukue.

Washindani ni hawa. Dominic Ferrante wa shule ya Wakatoliki, anatumia mkono wa kushoto. Upande wa kushoto wa njia ya tufe haupitiwi na wengi, mafuta tunayoipaka njia hayaharibiki haraka, kwa hiyo wenzake wakianza kuchoka yeye ndiyo kwanza anachangamka. Hana maneno mengi. Kyle Niemi wa Porter Mills ana nguvu za fahali, lakini akikosa pini moja anaikasirikia mpaka mchezo uishe. Eric wangu yuko imara: alama mia mbili, mia mbili na kumi, hazidi wala hapungui. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo katika kila kitu.

Sasa Travis Beaudry. Hili ni lako peke yako, usilichape. Ukumbi wa Ostrander ulifungwa Septemba, paa limeoza. Shule yao inafanya mazoezi mara moja kwa juma, tena mbali. Oktoba kijana alinijia akiwa na tufe ndani ya mfuko wa viazi, akaniuliza kama anaweza kucheza ukumbini kwangu Jumapili asubuhi kabla sijafungua. Sheria ya chama cha bolingi hairuhusu kocha kumfundisha mwanafunzi wa shule nyingine. Nilimwambia hapana. Kisha nikamwona akirusha.

Mzee, nimekaa katika mchezo huu miaka thelathini na sijaona mkono kama ule. Tufe linamtoka bila kelele, kama mtu anayeweka mtoto chini. Jumapili iliyopita alipata alama mia mbili na tisini na tisa, moja tu pungufu ya mia tatu kamili. Pini ya mwisho ilitikisika ikakataa kuanguka, naye akacheka, akamwambia Eric, "Hiyo imebaki ili nirudi."

Anakuja kila Jumapili saa moja kasoro. Anacheza na Eric mpaka saa tatu. Mama yake hajui, anafanya kazi zamu ya Jumapili na hataki aendeshe umbali ule.

Ray


Mesa, Arizona
3 Januari 2009

Ray,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mkunjoni. "Kama mtu anayeweka mtoto chini." Ulikuwa wapi miaka yote hii nikihangaika kutafuta maneno?

Basi una simba wa jirani unamlisha jikoni kwako, halafu mwezi wa tatu unamwachia amle mwanao mbele ya watu. Au una hesabu zako? Chuma hunolewa kwa chuma, nakujua wewe. Siri nitaitunza. Mwishoni mwa mwezi niletee orodha ya mwisho. Nataka kujua kama ile pini imeanguka.

Chester


Kessler, Michigan
8 Februari 2009

Mzee Chester,

Samahani nimechelewa. Orodha ndiyo hii. Ferrante, wa kwanza. Niemi, wa pili kama atatuliza hasira. Eric. Kuna mtoto mdogo wa darasa la tisa Porter Mills anaitwa Sorensen, mwaka huu bado.

Mashindano ni Jumamosi tarehe 7 Machi.

Ni hao tu. Huku baridi kali.

Ray


Mesa, Arizona
13 Februari 2009

Ray,

Unaniona mimi mtoto wa juzi? Nimekuomba orodha, umeniletea orodha yenye shimo katikati, tena shimo lenyewe ndilo bingwa. Desemba ulikuwa unaandika kama mshairi, Februari unaandika kama karani. Najua kilichotokea. Eric amechoka kushindwa Jumapili zote, nawe umegeuka baba badala ya kocha. Unataka kijana wa watu aingie ukumbini bila mtu kumjua, wakubwa wa chama wasimtazame, magazeti yasimpe moyo.

Sikuzuii kumpenda mwanao. Lakini safu ni yangu. Nimeshaituma kwa Paige, itatoka Alhamisi ijayo. Jina lako sikulitaja popote. Nakunakilia sehemu yenyewe usije ukasema nilikuvizia:

"Ferrante atawasumbua wengi, na Eric Lahtinen hatakosea. Lakini mkienda mmoja tu, nendeni mkamwone Travis Beaudry wa Ostrander. Mji wake umepoteza ukumbi, yeye hakupoteza kitu. Nimenong'onezwa kwamba kila Jumapili alfajiri, wakati ninyi mmelala, kijana huyu yuko Kessler akiangusha pini katika ukumbi ambao haujafunguliwa. Tufe linamtoka bila kelele, kama mtu anayeweka mtoto chini. Tarehe saba Machi ataweka majina ya wenzake chini vivyo hivyo. Mama yake ajiandae kusafisha kabati la vikombe."

Kasirika ukipenda. Utanishukuru baadaye.

Chester


Ostrander, Michigan
21 Februari 2009

Bwana Wojtala,

Anwani yako nimepewa na msichana wa gazetini. Nilipomweleza kwa nini naitaka alilia, ikabidi mimi nimbembeleze, na sikuwa na nguvu za kumbembeleza mtu.

Mwanangu Travis alifariki Jumapili tarehe 18 Januari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kwenye Barabara ya Ziwa. Gari liliteleza kwenye barafu likaingia chini ya lori la magogo. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mwenzangu wa kazini aliniletea gazeti lenu. Alidhani nimeshaliona. Ninafua shuka katika nyumba ya wazee, na nilisimama pale kwenye mashine nikasoma kwamba mwanangu atacheza tarehe saba na kwamba nijiandae kusafisha kabati.

Kwanza nilitaka kukutukana. Niliandika barua mbili nikazichoma. Ninakuandikia hii kwa sababu ya jambo jingine.

Polisi waliniuliza Travis alikuwa akienda wapi saa ile, kwenye barabara ile. Sikujua. Aliniambia Jumapili anakwenda kanisani na rafiki yake, na kanisani hawajamwona tangu kiangazi. Basi watu wa hapa wamejijibu wenyewe. Kuna mtu Kessler anauza vidonge, kila mtu anajua, na majirani walikuwa wakimwona Travis akirudi saa nne kila Jumapili huku macho yanang'aa. Shemeji yangu alinikalisha mezani kwangu, akiwa bado anakula chakula cha msiba, akaniambia, "Colleen, afadhali ukubali. Ukikubali utapona." Wiki tano nimekuwa nikipekua mifuko ya nguo za mtoto aliyekufa nikitafuta vidonge.

Sasa wewe unasema alikuwa akicheza bolingi.

Nani alimfungulia mlango? Nani alikunong'oneza? Kwenye mazishi kulikuwa na kijana nisiyemjua, alisimama nyuma kabisa na viatu vimelowa, akaondoka bila kunipa mkono. Huyo ni nani?

Mimi nilikuwa kazini kila Jumamosi na kila Jumapili. Sijawahi kumwona mwanangu akicheza hata siku moja. Wewe unaonekana ulimwona. Nijibu.

Colleen Beaudry


Mesa, Arizona
26 Februari 2009

Ray,

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya barua ya mama yake Travis. Isome ukiwa umekaa.

Nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia ukweli wangu, ambao ni mfupi: kwamba sijawahi kumwona mtoto wake, kwamba kila neno zuri nililoandika nililitoa kwenye barua ya mtu mwingine, na kwamba mtu huyo alinikataza nami nikavunja ahadi. Nimeomba radhi. Jina lako sikumpa. Si langu kulitoa, na safari hii nimejifunza.

Miaka ishirini na saba nimejivuna kwamba sijakosea herufi ya jina la mtoto wa mtu. Sasa nimemwalika maiti kwenye mashindano.

Lakini wewe, Ray. Ulijua. Umeniandikia tarehe nane Februari, siku ishirini na moja baada ya mtoto kufa, na umeniambia huko baridi kali. Ungeandika mstari mmoja tu. Mimi nilikudhania una wivu. Laiti ingekuwa wivu.

Mama anapekua mifuko. Nimempa ahadi kwamba mtu mwenye jibu atamjibu. Nakupa mpaka Alhamisi ijayo. Barua yako isipomfikia, nitamwandikia jina lako mwenyewe, na baada ya hapo mimi na wewe hatutakuwa na la kuandikiana.

Chester Wojtala


Kessler, Michigan
2 Machi 2009

Bibi Beaudry,

Jina langu ni Ray Lahtinen. Mimi ndiye kocha wa bolingi wa shule ya sekondari ya Kessler, na ukumbi wa hapa ni wangu. Mimi ndiye niliyemfungulia Travis mlango.

Alikuja kwangu tangu Oktoba, kila Jumapili. Hakuleta kitu wala hakuondoka na kitu zaidi ya tufe lake. Macho yake yalikuwa yaking'aa kwa sababu alikuwa amecheza vizuri. Hakuna vidonge, mama. Acha kutafuta. Shemeji yako umpe barua hii aisome kwa sauti.

Nilimsaidia, lakini sitajiita mwema. Mwanangu Eric ni mchezaji wa wastani, na nilijua akisimama kando ya Travis majuma kumi na mbili atapanda. Nilimtumia mtoto wako kama jiwe la kunolea kisu changu. Yeye alidhani ninampenda tu. Nilikuwa nampenda pia, lakini hilo lilikuja baadaye.

Kuna jambo hakuna anayelijua isipokuwa mimi na Eric. Asubuhi ile Travis alipiga simu kabla hajatoka. Alisema, "Kocha, barabara imekuwa kioo. Nisubiri jua litoke?" Nilikuwa nimeshawasha taa, nimeshapaka njia mafuta. Nilimwambia, "Njoo polepole. Mashindano hayamsubiri mtu." Akasema, "Sawa, kocha." Hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Saa mbili redio ilitangaza ajali, nikajua. Nikazima taa. Nilimwambia Eric tusiseme, kwa sababu chama kingeiondoa timu yetu na vijana wanane wangekosa mashindano kwa kosa langu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuogopa wewe. Nilimkataza kuja mazishini. Kijana uliyemwona nyuma na viatu vilivyolowa ni yeye. Alitembea toka barabara kuu kwa sababu nilimnyima gari.

Uvumi wa vidonge nilikuwa nimeusikia. Mtu aliusema kauntani kwangu, nami nikaendelea kufuta bilauri. Gazeti lilipotoka, watu hapa walisema mzee Wojtala amechanganyikiwa kwa uzee, nikawaacha waseme.

Leo nimewapigia simu wakubwa wa chama nikawaeleza. Timu ya Kessler imeondolewa, nami si kocha tena. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue jambo hili sasa limeandikwa mahali, na hakuna atakayeweza kusema Travis alikuwa akienda kwingine.

Barua hii naileta mwenyewe. Nitaiweka mlangoni nisubiri garini. Ukitaka kuniita, niite. Ukitaka niondoke, zima taa ya barazani.

Ray Lahtinen


Kessler, Michigan
8 Machi 2009

Mzee Chester,

Alizima taa. Nikaondoka.

Sikutegemea kumwona tena. Jana nilikwenda kwenye ubingwa kama mtazamaji, nikakaa safu ya nyuma karibu na vyoo, mahali ambapo mtu hawezi kugeuka kunitazama bila kujulikana. Eric alikuja nami. Hajasema nami maneno kumi tangu Jumatatu. Vijana wengine wa timu hawakuja, na baba wa mmoja wao alinipita mlangoni akasema, "Umefurahi sasa?"

Raundi ya pili ilipoanza mwanamke alikuja akakaa kiti cha pili kutoka kwangu, akaacha kimoja katikati. Koti la kazini, mikono imebabuka kwa sabuni. Sikuhitaji kuambiwa.

Hakunisalimu. Alitazama kama nusu saa hivi, kisha akauliza huku akiangalia mbele, "Zile alama za kwenye ubao zinahesabiwaje?"

Nikamweleza. Pini kumi, nafasi mbili, ukiziangusha zote kwa mrusho mmoja unaongezewa pini za mirusho miwili inayofuata. Akatikisa kichwa.

"Yule mkubwa anayepiga kiti teke?"

"Niemi. Ana nguvu, lakini hajiwezi."

"Na yule wa mkono wa kushoto?"

"Dominic Ferrante."

Akamtazama Ferrante akirusha mara nne. Kisha akaniuliza lile nililoliogopa. "Katika hawa wote, nani angemfunga Travis?"

Mzee, nilitaka kusema hakuna. Neno lilikuwa mdomoni, tena karibu liwe kweli. Lakini nilikuwa nimeshamnyima mama huyu ukweli wiki sita. Nikasema, "Ferrante. Kwenye michezo mitano, angemfunga miwili. Labda mitatu, kama mafuta ya njia yangekauka mapema kama leo."

Halafu akasema, "Kwa hiyo angeweza kushindwa."

"Ndiyo, mama. Angeweza."

"Watu wote wanaokuja nyumbani wananiambia angeshinda. Angeshinda hiki, angekuwa kile. Kama vile aliyekufa alikuwa mtu mwingine." Akafungua vifungo vya koti, ukumbi ule una joto. "Endelea. Kosa lake lilikuwa nini?"

Nikamwambia. Kwamba alikuwa akiharakisha hatua ya tatu akiwa na furaha. Kwamba pini ya nyuma kulia ilimshinda mara kwa mara, na alipoikosa alicheka badala ya kuifanyia kazi. Kwamba mara mbili tuligombana kwa sababu alimpa Eric ushauri ulio kinyume na wangu, na wake ndio ulikuwa sahihi. Nilisema mpaka koo likakauka. Yeye alikuwa akiniangalia mikono, maana nilikuwa nikimwonyesha bila kujijua.

Ferrante alishinda. Andika hilo kama bado unaandika: Dominic Ferrante, kwa pini kumi na moja, na kwenye mrusho wa mwisho hakutabasamu hata kidogo. Mama Travis alisimama na watu wote akapiga makofi, polepole, mpaka wengine walipoacha.

Kisha akanigeukia. "Sikusamehe," alisema. "Sijui kama nitaweza, na sitaki uje tena nyumbani kwangu kuniuliza." Nikamwambia sitakuja. "Ungemwambia asubiri jua tu," akasema. "Neno moja." Sauti haikupanda. Afadhali ingepanda.

Eric alikuwa amesimama kwenye ngazi, anasikia. Mama Travis alimtazama viatu, kisha uso. "Ni wewe," akasema. Eric akaitikia, "Ni mimi, mama. Nisamehe kwa kuondoka vile." Mama Travis akamwambia nje kuna barafu, amsindikize hadi garini. Alimpa mkono wake.

Nilisimama dirishani. Waliingia wote wawili garini, injini ikawashwa kwa ajili ya joto, vioo vikajaa ukungu mpaka sikuona tena watu ndani, weupe tu. Walikaa humo dakika arobaini. Wafagiaji walinizunguka na mifagio yao. Sijui waliambiana nini, na sitauliza. Kuna mambo Eric anayo kuhusu Travis ambayo mimi sikuwa nayo, vijana wawili asubuhi zile wakati mimi niko nyuma natengeneza mashine ya pini. Hayo sasa ni ya mama yake.

Eric aliporudi macho yalikuwa mekundu. Theluji ilikuwa imeanza kunyesha tena, ile nyembamba inayofunika barafu usiione. Alininyooshea mkono.

"Nipe ufunguo, baba," akasema. "Nitaendesha mimi."

Nikampa.

Ray